Gauni la mteja limenata kwenye pasi: wajuzi wa nyuzi za kiwandani njooni tuelewane

#1 FundiNgamiani
Wakuu, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa kumi na tisa huu nipo kwenye kiti. Sijawahi kuleta uzi, leo limenifika.

Jumatatu dada mmoja kaniletea gauni la mtumba, refu, rangi ya maziwa, linang'aa kama hariri. Anataka nilibane kiuno na kupunguza urefu, Jumamosi ana harusi ya mdogo wake Pangani. Lebo imeshakatwa. Nikalishika, nikalifikicha, nikasema hii ni nailoni ile nzito, naijua. Pasi nikaiweka katikati, si juu, vilevile ninavyopiga suruali za tetroni kila siku. Nikagusa pindo. Pasi ikanata. Kuinyanyua, imekuja na kitambaa. Mahali pa ukubwa wa kiganja pamebaki pagumu, panang'aa kama plastiki, halafu pakachanika penyewe.

Dada anataka nimlipe. Mimi nasema kitambaa ni feki. Nani alipe tutamalizana wenyewe, msinijazie uzi kwa hilo. Ninachotaka kujua: hizi nguo tunazoziita nailoni zinatengenezwaje hasa, mpaka moja ivumilie pasi na nyingine igeuke gundi kwa moto uleule?

#2 WajaLeo
Uzi kuhusu nyuzi. Mimi naweka kiti hapa pembeni, kahawa yangu mkononi, kashata mfukoni.

#3 Sahare_Kijana
Mkuu lipa tu yaishe. Zote hizo ni plastiki, mafuta ya petroli hayo, chupa ya maji iliyosokotwa. Plastiki na moto wapi na wapi.

#4 Mwl_Kemia
Sahare, mwanangu, chupa ya maji umepatia, "zote" ndiyo umekosea.

Nimefundisha kemia sekondari miaka mingi, na kabla ya chaki nilikaa maabara ya kiwanda cha nguo. Kwanza tulivue hili neno nailoni. Huku kwetu kila kitambaa kisicho pamba ni nailoni, kama kila dawa ya meno ilivyo Colgate. Nailoni ni kitu kimoja, na siku yake ya kuzaliwa inajulikana: 28 Februari 1935, maabara ya DuPont kule Marekani, kwenye kikosi cha Wallace Carothers. Ilianza kuuzwa mwaka 1938 kama nywele za miswaki, soksi za kina mama zikafuata 1940, halafu vita ikaichukua yote kwa miamvuli ya kurukia. Nguo nyingi anazoletewa Fundi si nailoni. Ni poliesta, kazi ya Waingereza Whinfield na Dickson, mwaka 1941, waliokuwa wameajiriwa na kampuni ya kuchapa vitambaa ya Manchester. Tetroni ni jina tu ambalo Wajapani waliipa poliesta yao, likatufikia madukani likabaki.

Sasa inatengenezwaje. Nani hapa hajaona tambi za dengu zikikamuliwa? Unga mlaini unatiwa kwenye kopo, chini kuna bamba la matundu, unazungusha mkono, tambi zinashuka kwenye mafuta zinakauka. Kiwanda cha nyuzi ni hicho hicho, bamba lenyewe wanaliita spinereti. Wewe jiulize mambo matatu tu: unga ni wa nini, umelainishwa kwa nini, na tambi inagandia wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayokwambia pasi iwe ya moto gani.

Poliesta unga wake ni chembe kama za mchele. Zinakaushwa kwanza mpaka unyevu uishe kabisa, maana tone la maji kwenye joto lile linakata minyororo ya molekuli. Zinayeyushwa kwenye nyuzijoto 280 na ushei, zinasukumwa matunduni, chini hewa ya baridi inazipuliza, uzi unaganda ukiwa angani. Hakuna kemikali ya kulainishia hapo, ni joto peke yake. Mashine inauzungusha kwa mita 3,000 na zaidi kwa dakika. Kilomita tatu za uzi, kila tundu, kabla WajaLeo hajamaliza kashata moja.

Lakini uzi huo mbichi bado ni kazi bure. Ukiuvuta unarefuka kama ubani wa kutafuna na haurudi. Molekuli zimelala hovyo, kama tambi bakulini. Kwa hiyo wanauvuta makusudi: unapita magurudumu mawili, la pili likizunguka kwa kasi kuliko la kwanza, unarefuka mara tatu, mara nne, na molekuli zinanyooka zikalaliana kama singa za mkonge zilizochanwa. Nguvu inazaliwa kwenye kule kuvutwa. Poliesta isiyovutwa na iliyovutwa ni kitu kimoja kwa kemia, lakini moja unaikata kwa vidole na nyingine inafunga mzigo wa lori.

Fundi, poliesta inayeyuka karibu na nyuzijoto 260. Pasi ya katikati ni kama 150. Haikupaswa kunata. Ndiyo maana nasema gauni lako si poliesta. Ngoja nile nirudi.

#5 WajaLeo
Mwalimu katuacha kwenye utamu kaenda kula. Hiki ndicho kipindi kengele ilikuwa inagonga.

#6 MzeeKorona
Mjukuu ananiandikia, msamehe makosa. Huyo mwalimu kataja singa na kuchana, kanikumbusha mbali. Nimefanya kazi korona, ile mashine ya kukwangua majani, shamba la mkonge wilaya ya Muheza, tangu kijana mpaka mvi.

Mkonge wetu haukamuliwi tunduni, unakwanguliwa. Jani linaingia korona, nyama ya kijani inatoka na maji, singa zinabaki. Zinaoshwa, zinaanikwa, zinapigwa brashi, zinafungwa robota, meli. Mjerumani Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Kwenye hiyo 62 ndiyo tukazaa mashamba yote yale, na miaka ya 60 nchi ilikuwa inatoa tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka.

Halafu ikaja kamba ya plastiki. Wazungu walikuwa wananunua mkonge wetu kufungia nyasi za ng'ombe. Wakapata kamba nyepesi, haiozi, bei chini. Sisi tulisikia tu kambini kwamba bei imeanguka. Hakuna aliyetuonesha hiyo kamba iliyotuangusha. Mwalimu, ile nayo ilitoka kwenye tambi?

#7 Mwl_Kemia
Shikamoo mzee wangu. Ile ni polipropilini, mtoto wa Giulio Natta, Mwitaliano, mwaka 1954. Na hapana, nyingi ya zile kamba haikutoka kwenye tambi. Chukua mfuko wa sandarusi wa unga, fumua ukingo wake. Utaona si uzi wa duara, ni kipande bapa kama chane za ukindu. Plastiki inamwagwa kwanza kuwa karatasi pana nyembamba, inachanwa kwa wembe, halafu zile chane zinavutwa kwenye joto. Zikivutwa sana kwa urefu, zinakosa nguvu upande wa mapana, zinapasuka zenyewe kuwa nyuzinyuzi. Zisokote, kamba hiyo. Hakuna kusubiri miaka mche ukue, hakuna kukata jani, hakuna korona. Ndiyo maana bei yao ilikuwa vile.

Ina ugonjwa wake lakini. Acha sandarusi juani bila dawa ya kuikinga na jua, miezi kadhaa unaikuta inatoka unga. Katani ya mzee inaoza ardhini ikarudi udongo, hii inabaki vumbi la plastiki. Watu wa mazingira wameanza kuitazama tena katani kwa sababu hiyo, mzee wangu, ila hilo halikurudishii ujana.

#8 MzeeKorona
Marahaba. Nimeelewa leo. Miaka yote hiyo.

#9 Jarife
Wazee wangu nawasalimu wote, nipo Deep Sea hapa Tanga natengeneza nyavu. Swali dogo: kamba ya rangi ya chungwa inaelea, ya nyavu inazama. Zote zinasemwa nailoni. Na babu yangu alikuwa na nyavu za pamba, anazichemsha na magome ya mkoko na kuzianika kila siku zisioze. Sisi hatuaniki kitu.

#10 Mwl_Kemia
Jarife, bahari imeshakufundisha kuliko kitabu. Inayoelea ni polipropilini, gramu 0.91 kwa sentimita ya ujazo, maji ni 1, basi lazima ielee. Nailoni ni 1.14, inazama taratibu. Poliesta 1.38, inazama kama jiwe. Tia kipande kwenye ndoo utaitambua bila maabara.

Nyavu ni nailoni kwa sababu inatanuka samaki anapojipiga halafu inarudi. Uzi usiotanuka ungekatika. Pia inakunywa maji kidogo, ikilowa inakuwa laini zaidi na inapoteza nguvu kiasi, fundo jipya linaweza kuteleza. Kutooza ni neema kwako, na ni balaa ukiipoteza baharini, itaendelea kuvua bila mwenyewe.

#11 BiBatiki
Assalaam aleykum. Niko Bagamoyo, natengeneza batiki, nauza kwa wageni huku karibu na chuo cha sanaa. Mwalimu naomba unitoe ujinga. Mwaka juzi niliuziwa majora mawili ya kitambaa cheupe, muuzaji kaapa ni pamba tupu. Nimepiga nta, nimechovya, rangi ileile, kostiki ileile (soda kali), haidrosalfaiti ileile (dawa ya kuyeyushia rangi). Jora moja limetoka zuri. La pili limetoka limefifia kama limefuliwa miaka mitatu, na nikilisuuza rangi inachuja tu. Nilirudisha lawama kwa muuza rangi, tukagombana. Kumbe?

#12 Mwl_Kemia
Wa aleykum salaam Bi mkubwa. Kamwombe radhi muuza rangi. Jora la pili lilikuwa mchanganyiko wa poliesta na pamba. Rangi yako ilishika nyuzi za pamba tu, za poliesta zikabaki nyeupe, jicho likachanganya likaona kufifia.

Pamba ina kiu. Kwenye hewa ya kawaida inabeba maji kama asilimia 8 ya uzito wake, rayoni, uzi unaotokana na miti, 11 hadi 13, nailoni 4, poliesta haifiki hata nusu ya asilimia moja. Rangi zinazosafiri kwa maji hazina mlango wa kuingilia poliesta. Kiwandani wanatumia rangi za aina nyingine, chembe ndogo zisizoyeyuka majini, na wanapika kitambaa kwenye pipa la presha kwenye nyuzijoto 130 mpaka molekuli zilegee rangi ipenye. Sufuria yako inaishia 100. Ungechemsha mpaka Idi.

Au hawahangaiki kupika kabisa: wanatia rangi kwenye uji wenyewe kabla ya tundu, uzi unatoka umeshakolea mpaka moyoni. Hiyo ndiyo ile nguo inaanikwa juani miaka haipauki.

Na kostiki yako, Bi, ichunge na vitambaa hivi. Ikiwa ya moto inakula ngozi ya poliesta taratibu. Viwanda vinafanya hivyo kwa makusudi: kitambaa kinaingia kizito kigumu, kinapunguzwa hata sehemu ya tano ya uzito, nyuzi zinakonda, zinapata nafasi ya kuteleza, kinatoka kinamwagika mkononi kama hariri. Hayo mabaibui laini mnayoyaona, mengi yamepita kwenye kostiki. Ndiyo kostiki ile ile ambayo Mwingereza John Mercer aliitumia kwenye pamba katikati ya karne ya 19, pamba ikavimba na kupokea rangi vizuri, na baadaye wenzake wakagundua ukiikaza isijikunje wakati wa kuichovya, inang'aa.

#13 BiBatiki
Subhanallah. Niliwahi kumwambia mtu yule maneno makali mbele ya wateja. Nitampelekea maandazi kesho.

#14 Sahare_Kijana
Sawa Mwalimu nimenyoosha mikono. Lakini jezi yangu ya Wagosi wa Kaya ni poliesta na inakausha jasho vizuri, shati langu la kazini ni poliesta hiyo hiyo na linanigandia mgongoni kama nimemwagiwa maji. Kama haina kiu, jezi inakunywaje?

#15 Mwl_Kemia
Hapa ndipo ninapopapenda. Rudi kwenye bamba la matundu. Tundu la duara linatoa uzi wa duara. Lakini nani kasema tundu liwe duara? Likichongwa kama nyota ya pembe tatu, uzi unatoka na mbavu tatu, mwanga unarushwa huku na huku, unapata mng'ao wa hariri. Uzi wa hariri wenyewe una pembetatu ya namna hiyo. Likichongwa liwe na mifereji, uzi unakuwa na mitaro ya urefu wake wote, na jasho linatambaa humo mpaka nje ya nguo, linakaukia huko. Jezi yako hainywi kitu, inapitisha. Shati lako la kazini ni uzi wa duara uliofumwa kwa kubana, jasho halina njia.

Harufu ni shauri jingine. Poliesta haipendi maji ila inapenda mafuta, na mafuta ya kwapa yanang'ang'ania humo. Loweka mapema.

Uzi unaweza kutobolewa katikati pia, ukawa bomba. Hewa inakaa ndani, unakuwa mwepesi na unashika joto. Hayo ndiyo manyoya ya mito ya dukani, na mengi yametokana kweli na chupa za maji: zinaoshwa, zinasagwa vipande, zinayeyushwa, zinakamuliwa upya. Wanajisifu kwa uvumbuzi, lakini usufi wa mto wa bibi yako ni bomba lenye hewa tangu Mungu auumbe. Mimi bado nalalia usufi.

Mng'ao nao unapunguzwa. Wanatia unga mweupe wa titani dioksidi, ule wa kwenye rangi za ukuta, kidogo sana, uzi unafubaa usionekane wa rahisi. Na uzi uliovutwa ni mnyoofu kama waya, nguo yake ingekuwa baridi na ya kuteleza, basi wanausokota, wanaupasha moto ukiwa umesokotwa, wanauachia: unabaki na mawimbi kama nywele za kipilipili, unajaa na kutanuka. Ukitaka wachanganye na pamba, wanaukatakata vipande vya sentimita nne hivi, urefu wa pamba, vinaingia mashine moja. Ndipo linatoka shati la kuchanganya, na baada ya mwaka linaota vijipira vidogo kwenye kola. Pamba ikijiviringa hudondoka, poliesta ni ngumu kukatika, inavishikilia vijipira visianguke.

#16 FundiNgamiani
Mwalimu nakusoma kama riwaya. Nina la kuongeza kutoka kwenye meza yangu. Marinda ya sketi za shule. Mzazi akileta pamba, marinda yanakufa kufua kwa kwanza. Akileta tetroni, nikipiga pasi ya nguvu na kitambaa kibichi juu, yale marinda mtoto anahitimu nayo. Nilijua yanakaa, sikujua kwa nini.

#17 Mwl_Kemia
Umejijibu. Molekuli za poliesta zinalegea kwenye joto, unazikunja, zinapoa zikiwa zimekunjwa, basi zinakumbuka. Ili zisahau, joto lazima lizidi lile lililozikunja, na maji ya kufulia hayafiki huko. Pamba haiyeyuki wala hailegei hivyo. Maji yakiingia tu inasahau kila kitu.

#18 WajaLeo
Na zile jinzi za kubana ambazo mtu anavaa kwa kuruka ruka?

#19 Mwl_Kemia
Hiyo ni pamba yenye asilimia chache za elastani, Lycra, Joseph Shivers wa DuPont, 1958. Mnyororo wake una kipande laini kinachojikunja na kipande kigumu kinachoshikilia, mfululizo. Inatanuka mara tano na kurudi. Maji ya moto sana na pasi kali vinaiua, ndiyo yale magoti yaliyolegea.

#20 Sahare_Kijana
Mwalimu umesema unga unaweza kuwa tofauti. Nilinunua soksi "za mianzi". Kweli mianzi inasokotwa?

#21 Mwl_Kemia
Ulichovaa kwa uwezekano mkubwa ni rayoni. Mti wowote una selulosi, ile nyuzinyuzi inayoujenga, iwe mwanzi, msonobari au mkaratusi kama ile ya Lushoto. Ukifika kwenye uji, mti uliotoka haujulikani tena. Marekani serikali iliwakatalia wafanyabiashara kuandika mianzi peke yake kwenye lebo.

Selulosi haiyeyuki kwa joto, inaungua tu. Ndiyo shida waliyohangaika nayo wazee. Mfaransa Chardonnet alikuwa wa kwanza kuifanya biashara, akaonesha hariri yake ya bandia Paris mwaka 1889, lakini ilitokana na kitu ndugu wa baruti, ikawa inashika moto vibaya. Mwaka 1892 Waingereza Cross, Bevan na Beadle wakapata njia ya viskosi, ndiyo inayotoa rayoni. Massa ya miti yanalowekwa kwenye kostiki, yanachambuliwa, yanaachwa yachakae kidogo, yanatiwa kaboni disalfaidi, yanageuka rangi ya chungwa, yanayeyuka kuwa uji mzito kama asali. Uji unakamuliwa ndani ya bafu la asidi ya salfa. Palepale unaganda na kurudi kuwa selulosi ile ile ya mti, sasa ikiwa uzi.

Hilo ndilo dera la rayoni la dada zetu: linapoa mwilini kwa sababu lina kiu kuliko hata pamba, linapokea rangi ya Bi Batiki bila ubishi. Likilowa linapoteza hata nusu ya nguvu zake, kwa hiyo msilikamue kama mnakamua nazi. Na hiyo kaboni disalfaidi si ya mchezo, imeharibu mishipa ya fahamu na mioyo ya wafanyakazi wengi wa viwanda vile. Siku hizi kuna njia ya laiyoseli, kiyeyushi kinazungushwa na kurudishwa karibu chote, ila nguo yake bado ghali.

#22 Mwl_Kemia
Fundi, sasa gauni lako. Nijibu: (1) Ulipoliunguza lilinuka nini? (2) Lilipokuja, halikuwa na kitundu au doa gumu mahali? (3) Ukidondosha maji, yanaacha alama?

#23 FundiNgamiani
(1) Kwenye pasi kulinuka kitu kama achari. Nilidhani ni chakula cha jirani. (2) Umejuaje? Mapajani lilikuwa na kitundu kidogo kama punje ya mtama, kingo zake ngumu kama gundi iliyokauka. Dada alitaka nikizibe kwa ua. (3) Ndiyo, jasho la mkono wangu limeacha duara.

#24 Mwl_Kemia
Achari ni siki. Nunua au azima asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, angalia iwe yenye asetoni kweli, maana nyingine hazina. Kata kipande cha ndani ya mshono, tumbukiza kwenye kikombe cha udongo au glasi, si cha plastiki. Kingine kishike kwa koleo ukichome nje, pembeni maji. Pamba na rayoni zinaungua kama karatasi, jivu jepesi. Hariri na sufu zinanuka nywele, donge lake linasagika. Poliesta na nailoni zinayeyuka, zinaacha shanga ngumu isiyosagika, poliesta na moshi mweusi. Usikaribishe dera la mtu hapo, poliesta ikiyeyuka inagandia ngozi.

#25 FundiNgamiani
Wakuu. Nimeazima kwa binti wa saluni ya jirani. Kipande nimekitia, nimehesabu hata sijafika ishirini, kimelegea, kimekuwa uji, nimekitafuta kwa sindano, hakionekani. Nilichochoma kimeyeyuka na kunuka siki tupu.

#26 Mwl_Kemia
Asetati. Mtoto wa mti, si wa petroli. Selulosi inapikwa na tindikali ya siki iliyokolezwa, inageuka kitu kipya kinachokubali kuyeyuka kwenye asetoni. Uji huo unakamuliwa kwenye hewa ya moto, asetoni inaruka, uzi unabaki. Poliesta imelainishwa kwa joto, rayoni kwa kostiki, hii kwa asetoni, na kila moja inaogopa kilichoilainisha au kinachofanana nacho. Kile kitundu cha mapajani ni mtu huko ng'ambo alikuwa anafuta kucha akiwa amelivaa. Pasi yake ni ya chini kabisa, upande wa ndani.

#27 MzeeKorona
Hiyo asetati ni ya lini?

#28 Mwl_Kemia
Mzee, ndugu wawili wa Uswisi, Camille na Henri Dreyfus, walikuwa wanatengeneza uji huo Uingereza wakati wa vita ya kwanza, unapakwa kwenye mabawa ya ndege, maana yalikuwa ya kitambaa. Vita ileile iliyofika hapa Tanga mwaka 1914 na nyuki wakaingilia. Ilipokwisha, ndege zikapungua, kiwanda kikabaki na uji. Mwaka 1921 wakaanza kuukamua kuwa uzi wa nguo. Haukukubali rangi yoyote ya pamba, wakemia wakalazimika kubuni zile rangi za chembe nilizomweleza Bi Batiki. Poliesta ilipozaliwa ilizikuta zinamsubiri.

#29 Sahare_Kijana
Kwa hiyo gauni halikuwa feki na Fundi hakuwa na moto mkubwa. Nani analipa sasa?

#30 WajaLeo
Alisema tusimjazie uzi kwa hilo.

#31 FundiNgamiani
Jumapili, narudisha majibu. Nilimwita dada, nikamwonesha kile kipande kikiyeyuka mbele ya macho yake. Akacheka kwanza, akanuna baadaye. Tukakubaliana nikate juu ya palipoungua, gauni likafika magotini, nikazungushia lesi niliyokuwa nayo ya bure. Pasi ya chini, ndani nje, na kanga kavu katikati. Kile kitundu nimekifunika na ua kama alivyotaka. Harusi imekwenda, nimetumiwa picha, amelipa nusu ya ufundi na mimi sikumbishia.

Leo asubuhi karudi na blauzi nyingine ya mtumba, nyekundu, lebo imekatwa vilevile. Sijaiwekea pasi. Nimechomoa uzi mmoja mshononi, nimeuchoma. Unanuka nywele, na donge limesagika kwenye vidole likawa unga. Mwalimu upo?